Nilivyowatafuta wapiga picha wa harusi ya mdogo wangu hapa Amu (mji wa Lamu)

Mdogo wangu alipoposwa, mama alinikabidhi kazi moja tu: mambo ya picha na video. Chakula, hina na mapambo walijigawia shangazi na kina mama wadogo. Akaniambia, "Hizo picha zisitoke nde (nje), mwanangu."

Nyumbani sote tulijua alichokuwa akikisema. Binti wa ami yangu alipoolewa, mpiga picha aliyekodiwa alizitia picha za usiku wa kupamba, sherehe ya wanawake peke yao, kwenye ukurasa wake ili kutangaza kazi. Wanawake wamevua mabuibui, nywele zimetengenezwa, wanacheza. Zilikaa siku mbili mpaka zikaondolewa, na kwa mji kama wetu, ambao kila mtu ana ujamaa na mwenziwe, siku mbili ni nyingi sana. Wako waalikwa ambao mpaka leo wakiona kamera ukumbini hugeuka wakarudi kwao.

Kumpata mwanamke anayeshika kamera si shida tena. Mombasa wako, Malindi wako. Kilichonishtua ni jibu la yule wa kwanza nilipomuuliza nani ataihariri video. Akanijibu bila wasiwasi kwamba yeye hupiga tu, kisha humpelekea kijana mmoja wa kiume. Yaani usiku kucha wanaume wazuiwe mlangoni, halafu mmoja wao akae na wanawake wetu kwenye kompyuta wiki nzima, asimamishe, arudishe nyuma, awavute karibu! Nilimshukuru, nikaendelea kutafuta. Tangu hapo hilo likawa swali langu la mwanzo, hata kabla ya bei.

Wa pili alinitumia kwenye simu, bila kumuomba, picha za kupamba za harusi nyingine, ili nione ufundi wake. Zilikuwa nzuri mno. Nikazifuta, na yeye nikamwacha, kwa sababu atakayenionyesha mimi wana wa watu atawaonyesha watu wangu kwa mwingine.

Basi kazi ya mpiga picha wa wanawake utaionaje? Niliomba nambari za simu za mabibi harusi wawili aliowahi kuwapiga yule wa tatu, nikaenda majumbani kwao, mmoja hapa Langoni na mwingine Shela, wakanifungulia albamu zao wenyewe. Niliwaomba albamu nzima, si zile picha ishirini za kuchaguliwa. Nilitazama mikono. Flashi ikimpiga bibi harusi usoni moja kwa moja, hina nyekundu hugeuka rangi ya chungwa na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, huwa kama madoa ya masizi. Mikono ya albamu hizi ilikuwa na kila ua na kila jani mahali pake. Baadaye nilimuuliza amefanyaje. Akaniambia nyumba zetu za mawe dari zake ni za boriti, ni nyeusi na ziko juu, hunywa mwangaza, kwa hivyo taa huielekeza kwenye ukuta mweupe wa chokaa, urudi kwa bibi harusi ukiwa mpole. Hapo nikajua nimepata mtu. Mwenziwe wa video ni mwanamke pia, na kuhariri hukaa wakahariri wenyewe.

Upande wa wanaume nilimchukua kijana wa Malindi. Yeye alitaka kurusha droni juu ya mji. Mbali na kwamba droni Kenya inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nilimkumbusha kwamba nyumba za Amu zina viwanda, yaani nyua za ndani, vilivyo wazi juu, na wanawake hukaa humo vichwa wazi wakipika na kupumzika. Ukuta mrefu ulijengwa wasionekane, sasa jicho lije kutoka mbinguni? Alielewa mara moja, na hakulirudia tena.

Nilichombana nacho zaidi ni sauti. Video ya nikahi ya kaka yangu ina picha safi, lakini ijabu na kabuli, maneno ya kuozesha na kukubali, hayasikiki, kunasikika feni za msikiti tu. Safari hii kijana alimtia baba kinasa sauti kidogo ndani ya kola ya kanzu, kingine akampa bwana harusi, na tukamuomba msimamizi wa msikiti azime feni kwa zile dakika chache. Jasho liliwatoka wanaume, lakini neno la baba "nimekuozesha" linasikika mpaka pale sauti ilipomkwama.

Makubaliano tuliyaandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, pande zote wakatia sahihi. Picha hazitawekwa popote. Kamera iandike kwenye kadi mbili kwa pamoja, moja ikiharibika nyingine ipo. Baada ya kukabidhi na sisi kuhakikisha, wafute walichobaki nacho. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake, nami nililiandika hilo waziwazi. Hakuna aliyenuna. Arubuni nilitoa nusu kwa M-Pesa.

Wale kina dada wa picha na video nilitaka wafike siku moja kabla. Njia ya Garsen na Witu mpaka Mokowe ni ndefu, kisha kuna boti, kisha mkokoteni wa kusukuma mizigo hadi nyumbani, na taa zao zilikuwa masanduku matatu. Walipumzika, wakaja kuutazama ukumbi mchana, wakauliza stima ikikatika itakuwaje. Walikuwa na taa za betri. Ilikatika kweli, wakati wa vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe, pembe zikaendelea kulia gizani na wao wakaendelea kupiga.

Mlangoni tuliweka wasichana wawili, kila simu ikatiwa kwenye mfuko na kupewa nambari. Walalamikaji hawakukosekana. Lakini mke wa ami yangu, ambaye tangu harusi ya bintiye hakukaa mbele ya kamera, alimuuliza yule dada maswali matatu ukumbini, akaridhika, akavua buibui, akaenda kukaa karibu na bibi harusi.

Diski moja iko kwa mdogo wangu. Ya pili mama ameitia kashani, chini ya leso, na ufunguo anatembea nao.