Nilivyofuatilia historia ya Snap, kitongoji kilichohamwa Wiltshire

Snap, kitongoji cha kaunti ya Wiltshire nchini Uingereza, kinatajwa kwenye maandishi tangu 1268, na kufikia Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa kimehamwa. Ukitafuta jina lake kwenye orodha za nyaraka utaambulia machache, kwa sababu kitongoji hakikuwa na rejista zake. Wakazi walibatizwa, wakaoana na kuzikwa chini ya parokia ya Aldbourne, kwa hiyo kazi yote niliipitisha huko.

Nilianza na sensa, nikirudi nyuma kutoka 1911 hadi 1841. Usitegemee kutafuta kwa jina la mahali. Fungua kitabu cha karani wa sensa, soma maelezo ya njia aliyopita, kisha pitia ukurasa kwa ukurasa. Katika 1841 makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi kigawe cha tano, hivyo mtu wa miaka 39 akaandikwa 35. Asiyejua hilo hudhani amepata watu wawili. Wako pia makarani ambao hawakufuata agizo. Fomu ya 1911 ndiyo yenye utajiri kuliko zote: mkuu wa kaya aliijaza kwa mkono wake, akataja idadi ya vyumba, miaka ya ndoa, na watoto waliozaliwa na waliofariki.

Linganisha 1901 na 1911 kwa makini, hasa safu ya kazi. Katikati yake, mwaka 1905, mwenye bucha wa Ramsbury, kijiji cha jirani, alinunua mashamba makubwa ya Snap na kugeuza ardhi ya kulima kuwa malisho ya kondoo. Jembe la farasi lilitaka vibarua wengi. Kundi la kondoo lilitosheka na mchungaji. Kazi ilipokwisha, familia zikahama. Kwangu hili ndilo kiini cha historia ya Snap, na linauma.

Kisha ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, za inchi 25 kwa maili, zinazopatikana bure mtandaoni kupitia Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kila konde lina namba na ukubwa kwa ekari. Weka toleo la mwisho wa karne ya 19 kando ya lile la miaka ya 1920: jengo lenye paa hutiwa kivuli, gofu huachwa wazi.

Kwa rejista za zamani, kumbuka kwamba kabla ya 1752 mwaka Uingereza ulianza 25 Machi. Ubatizo ulioandikwa Februari 1720 ni wa Februari 1721 kwa hesabu yetu.