Nilivyoacha kurudi kutoka Irente na picha zilizofifia

Kila nilipokwenda Irente, genge la mwamba juu ya mji wa Lushoto, Tanzania, nilirudi na picha zilezile: tambarare ya Mazinde imefifia, anga jeupe, hakuna pa kutuliza jicho. Nikalaumu lenzi. Nikaazima nyingine, hali ikabaki ileile.

Kosa lilikuwa saa. Nikitokea Mombo nilikuwa nafika gengeni saa saba mchana, joto na vumbi vimeshajaa hewani. Tena genge lile linatazama magharibi, kwa hiyo ukingoja jioni jua linakupiga usoni.

Sasa nalala Lushoto mjini na kutoka kwa miguu alfajiri. Jua linachomoza mgongoni mwangu, na kivuli cha milima ya Usambara kinatanda juu ya tambarare, karibu mita 1,000 chini, kisha kinarudi taratibu kuelekea miguuni pangu. Uzuri huo sikuwahi kuuona mchana!

Nusu saa ya kwanza kamera hubaki begini, natazama tu. Ndivyo nilivyopata picha ninayoipenda kuliko zote: moshi wa jiko la mtu, nusu kivulini, nusu juani.