Misa ya Jumapili Mkunazini

Sisi tuliolelewa katika Kanisa Anglikana la Masasi tumelisikia jina la Mkunazini tangu mafundisho ya kipaimara, na kwa muda mrefu nilitamani kusali Jumapili moja tu ndani ya Kanisa Kuu la Kristo, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, palipokuwa soko la watumwa. Sikutaka kwenda kutalii, nilitaka kusali. Basi la kutoka Masasi hadi Dar es Salaam sina haja ya kulieleza, kwani kila anayetoka kusini analijua. Lakini boti ni habari nyingine, maana kwa safari ya saa mbili hivi nililipa nauli inayokaribia ile ya basi la kutwa nzima, na bado bahari ilikuwa imechafuka kiasi kwamba mhudumu alipita akigawa mifuko ya kutapikia kama mtu agawaye vipeperushi vya mkutano. Nyumba ya wageni niliyoipata Malindi ilinitajia bei kwa dola. Nilipouliza kwa shilingi, kijana wa mapokezi alipiga hesabu kwenye simu yake, akanitajia kiasi ambacho kwetu kingetosha kumlipa kibarua wa kupalilia mikorosho kwa siku kadhaa.

Asubuhi ya Jumapili nilitoka mapema, kitabu cha sala mkononi, nikikusudia kuwahi misa. Karibu na Darajani nilisimamishwa na kijana mmoja mwenye maneno matamu, mmoja wa wale wanaowaandama wageni mitaani, ambao Wazanzibari wenyewe huwaita papasi. Alinisalimu kwa heshima, akaniita mzee, akauliza ninatoka Bara wapi, kisha akanieleza kwa huruma kubwa kwamba kanisa limefungwa kwa wageni hadi saa nne, na kwamba anayetaka kuingia kabla ya hapo hulipa ada kupitia kwake. Nilimwambia mimi si mgeni, ni muumini. Akanijibu, bila hata kupepesa macho, kwamba ada ya waumini ni nafuu zaidi. Nilimpa elfu kumi na tano, naye akaanza kunizungusha vichochoroni, tukapita mlango uleule wenye misumari ya shaba mara ya pili, tukasimama kwenye duka la viungo la mtu aliyedai ni binamu yake, ambako nilibembelezwa kununua karafuu na mdalasini wakati kengele ya kanisa ikilia upande tuliouacha. Njiani alinisimulia kwamba nguzo za kanisa zimesimama kichwa chini kwa sababu zilijengwa na vipofu. Tulipofika, mlinzi wa geti alikitazama kitabu changu cha sala, akasema, "Misa imeanza, baba, ingia tu." Hakuuliza tiketi wala risiti. Nilipogeuka nimkabili yule kijana, kichochoro kilikuwa kitupu.

Kwa hiyo niliingia wakati Injili inasomwa, nikakaa nyuma, nikihema na kutokwa jasho. Hizo nguzo nilizikuta hapohapo karibu na kisima cha ubatizo, na kweli zimesimama kichwa chini, ila habari inayosimuliwa kanisani haina vipofu: mafundi walizisimamisha wakati Askofu Edward Steere hayupo, nao hawakuwa wamewahi kuona nguzo za namna ile, naye aliporudi akaamua zibaki hivyo. Steere ndiye aliyelisimamia jengo lote tangu jiwe la msingi lilipowekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kulifunga soko. Paa lake ni tao moja refu la zege lililochanganywa mawe ya matumbawe, na wapo waliotabiri kwamba litaanguka. Mimi nililikuta likiwa zima, likirudisha sauti ya kwaya kwa namna ambayo mabati yetu ya Masasi hayawezi, hasa mvua inaponyesha.

Misa yenyewe ilikuwa ileile ninayoijua, kwa Kiswahili kilekile, pamoja na ubani na chetezo na watoto wa altare waliovaa viatu vinavyowazidi miguu. Ukutani niliuona msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone, kabla ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba mwili wake hadi pwani. Chuma alikuwa Myao, na kwetu Masasi Wayao ni majirani, wakwe na wanakwaya, hivyo niliutazama msalaba ule kama kitu kilichotoka nyumbani.

Wakati wa Komunyo ndipo niliposhindwa kwenda. Mbele ya altare, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, kuonyesha mahali inapoelezwa kwamba ulisimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa wakati wa kuuzwa. Nilikuwa nimesoma habari zake. Sikuwa nimefikiri kwamba foleni ya kupokea inapita hapo hapo. Nilisimama. Sikujua kama inafaa kulikanyaga, kulizunguka, au kupiga goti. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu, mwenye kanga begani, alinigusa kiwiko kwa kidole kimoja na kusema kwa sauti ya chini, "Pita, baba, watu wanasubiri." Nikapita pembeni. Yeye naye alipita pembeni, bila kulitazama, kama mtu apitavyo kando ya mkeka wa jirani. Mtoto aliyemshika mkono alikanyaga katikati ya nyeupe, akaendelea na safari yake.

Baada ya misa nilimfuata uani kumwomba radhi kwa kumchelewesha. Alicheka. Alisema alihamia Unguja kutoka Korogwe kumfuata mumewe, na kwamba waumini wengi wa pale wametoka Bara au ni watoto wa waliotoka Bara. Nilimuuliza kama haimsumbui kupokea mahali pale kila Jumapili. Akasema, "Mwaka wa kwanza ulinisumbua. Sasa nakuja na mambo yangu mwenyewe." Kisha akaniuliza bei ya korosho msimu huu, nasi tukalalamika pamoja kwa muda mrefu zaidi ya tulivyozungumzia soko la watumwa.

Watalii walianza kuingia, wakishuka katika vyumba vya chini vya jengo la jirani ambamo huelezwa kwamba watu walifungiwa kabla ya kunadiwa. Niliwaacha wakienda, mimi nikawaza ya kwetu. Mwaka 1876 Steere alitoka hapa Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwarejesha kuelekea Ziwa Nyasa walikotekwa wengi wao, lakini walipoifikia Masasi na kuona ardhi yake, wakabaki. Kanisa letu lilianza na watu hao. Kila mwaka tunawataja wamisionari kwa majina, tunajua nani alifika lini na nani alizikwa wapi. Lakini sijawahi kumsikia mtu wa Masasi akisema hadharani kwamba babu yake alikuwa mmoja wa wale 50. Wote sisi ni wa hapahapa, wenye ukoo na mashamba ya tangu zamani. Ni aibu inayoeleweka, kwani jina la mtumwa kwetu bado ni tusi, na mtu anaweza kunyimwa mchumba kwa ajili yake.

Shangazi yangu anakaribia miaka 90, na kila tulipomuuliza jina la bibi yake mzaa baba, alijibu kwa kuagiza chai. Nikifika nyumbani nitamuuliza tena, tukiwa wawili tu, kabla ya mavuno.