Ramani ya majina ya ukoo: pini ya Washington nimeing'oa

Wiki tatu nzima pini ya Washington imekaa kusini mwa Uingereza, na kila nikiitazama roho inakataa. Jana usiku nimeing'oa.

Mnaofuatilia mnajua nakusanya majina ya ukoo ya Kiingereza yaliyo kama nisba zetu za pwani, Al-Barawi kwa mtu wa Barawa. Mengi hayasumbui. Burton ni shamba lenye boma, ila Burton Bradstock ya Dorset imetokana na mto Bride, nayo nimeitia alama nyekundu. Washington pia maana yake inajulikana: shamba la Hwassa na watu wake. Tabu ni kwamba Washington ziko mbili, moja Sussex, kusini, na nyingine kaskazini karibu na mto Wear, zaidi ya kilomita 400 kati yao.

Nilianza na Domesday, daftari la ardhi la mwaka 1086, kama kawaida yangu. Likanipa ya Sussex peke yake, nikapigilia pini. Lakini ukoo wa George Washington haukukubali kukaa hapo. Kabla babu yao Lawrence Washington hajanunua shamba la Sulgrave, Northamptonshire, mwaka 1539, nyayo zao zinaelekea Warton, Lancashire. Mbona kaskazini? Nikapitia tahajia zote upya, nikakagua jedwali mstari kwa mstari, mpaka macho yakauma. Kumbe waandishi wa Domesday hawakuiandika Durham kabisa, eneo ilimokuwa Washington ya kaskazini! Kijiji kilikuwapo, daftari ndilo halikufika.

Durham ina daftari lake, la Boldon, lililoagizwa na Askofu Hugh du Puiset mwaka 1183. Humo ndimo nilimomkuta William wa Hertburn, amepewa Washington badala ya Hertburn. Alihama, nisba ikabadilika, kizazi chake kikaitwa de Wessyngton. Mtu mmoja, nisba mbili! Nimefurahi kupita kiasi.

Excel naiheshimu kwa kuhesabu, lakini kwa kazi hii imenichelewesha. Kisanduku kitupu hakisemi kama kitu hakipo au hakikutafutwa. Sasa tahajia zote naziandika kwanza kwa penseli, mwaka pembeni, na daftari gani lilifika wapi.

Lincoln ilikuwa ya kufuata. Itasubiri, maana Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri Mmarekani Mweusi, amenikamata. Alizaliwa utumwani Virginia, akaingia shule akijulikana kwa Booker tu, na alipoulizwa jina la pili akataja Washington, jina la kwanza la baba yake wa kambo. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya wenye jina hilo walikuwa Weusi. Siwezi kuwapigilia wote hao kwenye mto Wear. Nimenunua uzi mwekundu, na kesho naanzia Virginia.