Usitoe kodi ya nyumba ukaiita mbegu

Ujumbe umeingia tena kwenye simu: toa mbegu, yaani sadaka ya kupandia muujiza, ya paundi 100, dhiki yako ya ughaibuni itakatika ndani ya siku saba. Umetumwa kwa watu wanaokesha na wazee huku Uingereza, wenye mkopo wa viza shingoni. Paundi 100! Nyumbani hiyo ni magunia ya chakula. Unaniudhi kwa sababu maana yake ni kwamba ukiwa bado unateseka, imani yako ni haba.

Wakristo wa Unguja tusikubali kuambiwa hivyo. Kanisa la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akasomeshwa skuli ya misheni ya Kiungani, akahudumu Chitangali, bara, na kupewa upadri mwaka 1890. Nani angethubutu kumwambia kwamba aliuzwa kwa kukosa imani?

Biblia yenyewe haifichi. Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondoke. Haukuondoka, akapewa neema ya kuubeba. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na ni sala vilevile. Ukikosa maneno baada ya zamu, isome hiyo kwa sauti. Elia naye alipotamani kufa chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria: alimpa mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena. Basi ukitoka zamu ya saa kumi na mbili, kula, lala, ndipo umlilie Mungu. Kufunga bila maji siku ya kunyanyua wagonjwa ni hatari kwako na kwa mzee uliyemshika. Funga siku ya mapumziko.

Mnaotafuta kazi mpya huku, ulizeni kabla ya kutia saini kama zamu za Jumapili ni za kupokezana. Ombi lako la kupumzika Jumapili liandike kabla ratiba haijatoka. Ikishatoka utaambiwa utafute mwenyewe wa kubadilishana naye. Kwa Mkatoliki, misa ya Jumamosi jioni inahesabika ya Dominika. Tafuta kanisa la kwenda kwa miguu, maana Jumapili mabasi ni machache, na nauli ya kwenda na kurudi ingekupandisha daladala za Unguja wiki nzima. Ukikwama, mwone padri faragha kabla kodi ya nyumba haijachelewa. Makanisa mengi yana akiba ndogo ya wenye shida, ila hawatajua usiposema. Kwetu ni vigumu, tumelelewa kusitiri.

Kinachouma zaidi huku ni msiba. Unguja akifiwa mtu, majirani, Waislamu kwa Wakristo, huja wakakaa jamvini hata wasipokuwa na la kusema. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba kimya. Walipoanza kumfafanulia mateso yake ndipo walipoharibu. Kwa hiyo mwenzako akifiwa na hana uwezo wa kwenda kuzika, usimtumie aya ukadhani umemaliza. Nenda kwake. Mpikie uji, osha vyombo, kaa naye saa ile ile wanapozika, mkiyatazama maziko kwa simu. Majira ya baridi Unguja iko mbele kwa saa tatu, kiangazi mbili, hivyo maziko ya saa tisa alasiri huku ni saa sita au saba mchana. Bando liwekwe mapema, na kule kaburini aombwe mtu mmoja wa kushika simu tu, asiyebeba jeneza.