Mbuzi ya nazi kwa vipimo vya anayeikalia

Anayeanza useremala kwa kujifurahisha mara nyingi hukimbilia meza au kabati, na mbao zinaisha kabla mkono haujazoea. Mimi ningemwambia aanze na mbuzi. Ina vipande vinne tu vya mbao, na hakuna kifaa cha jikoni kinachofaa zaidi kutengenezwa kwa mwili wa mtu mmoja. Ile ya kukunja inapendeza, lakini egemeo lake linataka mkono uliokomaa. Anza na isiyokunjwa.

Kipimo kichukue kwa atakayekuna. Mkalishe juu ya vipande vya mbao vilivyopangwa, weka sinia mbele yake, ongeza au punguza kipande kimoja kimoja mpaka ainame bila kujikunja mgongo. Kumbuka kwamba nusu ya nazi ikiwa kwenye meno hushuka karibu sentimita 10, nayo isiguse ukingo wa sinia. Hapa nachukulia kimo cha sentimita 22.

Kwa mbao, chaguo langu ni mninga: unakatika vizuri na hausogei sana ukikauka. Mkongo ni mgumu zaidi na huchosha patasi. Mvule ni imara, ila mara nyingine una mawe ndani yanayovunja makali, na vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa. Huhitaji kununua ubao mzima. Kwenye karakana kama za Keko, Dar es Salaam, ulizia vipande vilivyobaki. Vipime kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili. Uzito ukiendelea kupungua, maji bado yanatoka, na ukiunga sasa viungo vitalegea baadaye.

Kikalio kina urefu wa sentimita 60, upana 18, unene 3. Sentimita 40 za nyuma ni za kukalia. 20 za mbele zipunguze polepole hadi shingo ya upana wa 7. Usiirefushe shingo zaidi ya hapo, maana mkunaji akiinuka huku ameegemea mbele, mbuzi itapinduka. Miguu ni mbao mbili za upana wa 18 na unene wa 2.5, zikatwe sentimita 22.5, nyuzi za mbao zikisimama wima. Upau wa kuishikanisha ni wa 33 kwa 6 kwa 2.5.

Kazi yenyewe iko kwenye viungo. Juu ya kila mguu, katikati, bakiza ulimi wa upana wa sentimita 6 na urefu wa 3.5, ili mabega, yaani sehemu za mguu zilizo kando ya ulimi, yabaki kwenye kimo cha 19. Matundu ya kikalio yawe na kitovu kwenye sentimita 6 na 36 kutoka nyuma. Chora kwa kisu badala ya penseli, kwa sababu patasi hutulia ndani ya mkwaruzo wa kisu. Toboa kutoka juu hadi nusu, geuza, malizia kutoka chini. Ukipitiliza kutoka upande mmoja, uso wa pili utabanduka vipande.

Ulimi upasue kwa msumeno kufuata upana wake, ili kabari ipate pa kuingia, na mwisho wa mpasuo utoboe kitundu cha milimita 3 ili ufa usiendelee. Tundu nalo lipanue juu kwa milimita 2, upande wa mbele na wa nyuma tu. Kabari ikiingia, ulimi utasukuma kuelekea ncha za nyuzi za kikalio, ambako ubao una nguvu. Ukiigeuza kabari isukume kuelekea kingo za ubao, kikalio kitapasuka kwa urefu, na ufa huo gundi haiutibu. Hili ndilo kosa linaloharibu viti vingi vya wanaoanza.

Ndimi za upau ziwe na unene wa sentimita 1 na urefu wa 2.75, zipenye miguu na kuchungulia kidogo. Unga upau na miguu kwanza, bila gundi, uhakikishe pembe kwa skwea, kipimo cha pembe mraba. Kisha paka gundi inayostahimili maji, vika kikalio, piga kabari kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, na uache siku nzima. Kinachochungulia kikate, upige randa.

Chuma chenye meno kinashikwa kwa bolti mbili za milimita 6. Tundu liwe la milimita 6.5, kwani bolti inayolazimishwa hupasua shingo. La mbele likae angalau sentimita 3 kutoka ncha ya ubao, na chini ya nati weka washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu. Ncha ya chuma ielekee juu kidogo. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, kaa naye ajaribu kabla ya kutoboa.

Piga msasa namba 80, 120, halafu 180. Vanishi isikaribie shingo, kwa kuwa ikibanduka itaangukia kwenye nazi. Kikalio na miguu vipake mafuta ya kitani kwa tabaka nyembamba, na shingo iache tupu. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandaze nje vikauke. Vikifinyangwa pamoja hupata joto na kuwaka vyenyewe.

Mbuzi ikioshwa, isimamishwe ubavu kivulini. Ikianikwa juani huku ina maji, uso mmoja hukauka kabla ya mwingine na kikalio hupinda.