Karatasi ya Kidato cha Pili: nilivyoacha kusubiri Kidato cha Nne ndipo niwashauri wanafunzi wangu

Mwezi wa saba mwaka 2018 binti mmoja aliyekuwa amemaliza Kidato cha Nne alirudi shuleni kwetu, shule ya kata huku Mbinga, mkoani Ruvuma, Tanzania, kuniomba nimsaidie kuomba chuo cha uuguzi. Alikuwa na Divisheni ya Tatu, pointi 23, na Biolojia alipata C. Nilifurahi kumwona, nikamwambia akae, nikafungua simu tuanze. Hatukufika mbali. Diploma ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kemia hakuwa nayo, wala Fizikia. Hakufeli masomo hayo. Aliyaacha mwanzoni mwa Kidato cha Tatu.

Nikamuuliza kwa nini aliyaacha. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, mlileta karatasi tuandike majina, sayansi upande huu, sanaa upande ule. Rafiki zangu wote waliandika sanaa."

Karatasi ile niliileta mimi. Nilikuwa mwalimu wa darasa lao. Niliiweka kwenye dawati la mbele baada ya paredi, nikaenda kufundisha kipindi changu cha Historia darasa jingine, nikairudia saa nne ikiwa imejaa. Uamuzi wa maisha ya watoto zaidi ya arobaini ulifanyika kwa vipindi viwili bila mtu mzima kusema neno.

Wakati huo tayari nilikuwa nimepewa jukumu la ushauri na unasihi shuleni. Nilichokuwa nikifanya ni kukaa na Kidato cha Nne wakati wa kujaza selform, yaani fomu ya kuchagua shule na vyuo, kuwaeleza tahasusi, mchanganyiko wa masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita (kombi, kama wanavyoziita wenyewe), na kuwatia moyo. Yaani nilikuwa nawashauri njia watu ambao njia zao zilishafungwa miaka miwili kabla. Binti yule baadaye aliingia chuo cha maendeleo ya jamii na anafanya kazi yake vizuri, lakini hakuwa ameichagua. Niliazimia kuhamishia kazi yangu Kidato cha Pili.

Nilianza na karatasi za manila. Nilipakua mwongozo wa udahili wa vyuo vya kati, nikaenda mjini steshenari kutoa kopi kurasa ninazozihitaji tu, kwa kuwa kitabu chote ni kikubwa mno na kimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini. Nikaandika kwa kalamu nene, safu nne: kazi, chuo kinataka masomo gani, alama ya chini, na unaanzia ngazi gani. Utabibu: Kemia, Biolojia, Fizikia, D. Famasia: Kemia na Biolojia, D. Kilimo, mifugo, umeme, ualimu, ushonaji, zote zikaingia. Nikazibandika ukutani ndani ya darasa la Kidato cha Pili, si ofisini. Wiki nzima wanafunzi walisimama pale wakati wa mapumziko wakifuata mistari kwa kidole.

Kilichowashangaza ni ile safu ya tatu. Shuleni kwetu D ilikuwa aibu. Mtoto akipata D ya Kemia kwenye mtihani wa muhula anaikunja karatasi mara nne na kuificha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba D ni alama 30 hadi 44, na kwamba ni ufaulu unaomwingiza chuo cha afya.

Hata hivyo, manila peke yake haikutosha. Wengi waliamini nimeiandika ili kuwafariji. Nikaenda zahanati ya kijiji kumwomba muuguzi aje azungumze nao Ijumaa mchana. Nilimwomba jambo moja la ziada, na nilisita kulisema: kama hatajali, aje na cheti chake cha Kidato cha Nne. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitakuja nacho, dada. Kwani nilikiiba?"

Alikuja na sare yake. Alieleza kazi za zamu, kuzalisha usiku kwa mwanga wa tochi ya simu umeme ukikatika, na kupima watoto kliniki. Kisha akatoa cheti kwenye mfuko wa nailoni, kingo zake zimeanza kuwa njano, akakipitisha dawati kwa dawati. Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Ndipo msichana mmoja wa nyuma aliyekuwa amekishika akainua uso na kuuliza, "Fizikia ulipata D?" Muuguzi akamjibu, "D. Na niliililia hiyo D usiku na mchana." Darasa zima likaanza kuongea kwa wakati mmoja. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona somo lililoeleweka haraka namna ile.

Baada yake walikuja afisa ugani, fundi umeme aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA na fundi cherehani mwenye vijana wanne chini yake. Wote niliwaomba hivyo hivyo: njoo na kifaa chako cha kazi, njoo na cheti chako. Afisa ugani alikuja na sampuli za majani ya mbuni yenye kutu, akawauliza watoto wa wakulima wa kahawa ugonjwa huo unaitwaje. Waliujua kuliko nilivyotarajia.

Wazazi walikuwa kazi nyingine. Kwenye kikao kimoja baba wa binti mmoja alisimama, mzee wa heshima, akasema waziwazi: "Mwalimu, huyu mtoto anapata 31 ya Kemia. Mnamng'ang'anizia nini? Akiiacha si atapata divisheni nzuri?" Wazazi wengi waliitikia kwa vichwa. Nilimwambia, "Baba, tuhesabu pamoja." Divisheni ya Kidato cha Nne huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Binti yake akifanya masomo tisa, mawili yaliyo dhaifu hayaingii kwenye hesabu. Kemia ya D haiharibu divisheni yake, inakaa kwenye cheti ikimsubiri siku atakapoihitaji. Nilichora kwenye ubao, A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, nikachukua matokeo ya binti yake mwenyewe. Mzee aliangalia muda mrefu, kisha akasema, "Basi mwacheni aendelee nayo. Lakini mumsaidie." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonisumbua, maana tulikuwa na mwalimu mmoja tu wa Fizikia na Kemia kwa shule nzima. Tulipanga masomo ya ziada Jumamosi asubuhi, na miezi ya kuchuma kahawa tukahamishia jioni, la sivyo nusu ya darasa wangekuwa shambani.

Lazima niseme pia kosa langu. Mwaka wa kwanza, 2019, nilizidisha. Uchungu wa binti yule wa uuguzi ulinifanya nimsukume kila mmoja abaki na sayansi. Kulikuwa na kijana mwenye kipaji cha lugha na hesabu za biashara, anaandika insha ambazo nilikuwa nazisomea darasa jingine. Nilimshawishi asiache Fizikia. Alihangaika nayo miaka miwili, akapata F, na Historia aliyokuwa akipata B ikashuka. Alikuja kuniambia mwenyewe, bila hasira: "Madamu, nilibaki kwa sababu yako." Nilimwomba radhi, na neno hilo sijalisahau.

Tangu hapo nilibadili mpangilio. Kabla ya manila, kabla ya wageni, kila mwanafunzi anakaa nami dakika kumi, na simuulizi anataka kuwa nani. Ukiuliza hivyo wanakujibu daktari, rubani, mwanajeshi, kwa sababu ndiyo majibu yanayotegemewa. Namuuliza Jumamosi akimaliza kazi za nyumbani anafanya nini. Namuuliza ni kazi gani ameiona ikifanyika kwa macho yake hadi akatamani kuishika. Mmoja aliniambia hukaa kwa fundi pikipiki kuanzia mchana hadi giza. Mwingine huandikia wazee barua za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Hapo ndipo tunapofungua masomo, na anayefaa sanaa anaenda sanaa akijua anaacha nini na anapata nini. Ile karatasi ya majina sasa inaenda nyumbani, inarudi na sahihi ya mzazi, na inajazwa kwa penseli kwanza.

Kwa Kidato cha Nne sikuacha kabisa. Matokeo yakitoka, mwanafunzi anaweza kuingia kwenye mfumo wa TAMISEMI kubadili machaguo ya selform kulingana na alama alizopata, na wengi vijijini hawajui. Siku hizo natembea na simu yenye bando na orodha ya namba zao za mtihani. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ilipofutwa mwaka 2022, wazazi wengi walikimbilia huko hata kwa mtoto aliyekuwa anataka diploma. Naelewa, chuo kina gharama. Ila tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inatoa mikopo kwa baadhi ya kozi za diploma, zikiwemo za afya, na hilo nalisema kwenye kila kikao cha wazazi. Mwaka 2024 tahasusi nazo ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, nikalazimika kujifunza upya.

Binti wa ile 31 ya Kemia alimaliza na D ya Kemia, D ya Fizikia, C ya Biolojia. Yuko chuo cha uuguzi. Likizo iliyopita alipita shuleni, na kabla hajaniaga aliniuliza kama cheti chake kikitoka nitahitaji kopi kwa ajili ya Kidato cha Pili, kwa sababu muuguzi wetu wa zahanati alishahamishwa.

Nilimwambia asilete kopi, aje nacho mwenyewe.